Kidole Gumba cha Kelera

Ukimsikia mtu wa ukoo wetu akisema Kelera ameharibiwa na simu, muulize yeye amemtumia ujumbe mara ngapi wiki hiyo, kisha mtazame anavyotafuta pa kuweka macho. Mimi nimeshawauliza. Ndiyo maana siku hizi nikiingia kanisani watu hukumbuka ghafla kwamba wana jambo la kuzungumza na mtu wa benchi la mbele.

Kelera ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Dada yuko kijijini kwetu, kisiwani Kadavu, ambako boti hufika ikijisikia, na mtoto alipopata nafasi ya kusomea udaktari wa meno hapa Suva, mji mkuu wa Fiji, aliletwa kwangu mtaa wa Raiwaqa na begi moja, mkeka mmoja na gunia la majimbi. Mimi, Unaisi, ndiye mama yake mdogo. Nampikia, namfulia akiwa na mtihani, na haki ya kumgombeza ninayo na naitumia vizuri. Nimemgombeza kwa kula huku anatazama simu, kwa kuvuka barabara huku anatazama simu, kwa kuchekea video za watu wanaoteleza huku mihogo inaungua jikoni. Simfanyi malaika. Anapenda wanachopenda wenzake, na wenzake wote wa chuo wanatembea wameinamisha shingo kama watu waliodondosha sindano.

Lakini video hazikukivunja kidole chake. Ukoo ndio ulikivunja, na nitaeleza jinsi ulivyokivunja, na sitapunguza sauti.

Yalianza na shingo. Ukimwita, anageuka mwili mzima, kama kabati. Macho yakawa mekundu. Akawa analala na simu mkononi, si karibu na mto, mkononi kabisa, na ikitetemeka naye anatetemeka. Asubuhi nampa chai, anakishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikadhani ni maringo ya kidaktari. Kisha siku moja akarudi kutoka kliniki ya chuo, kule wanakojifunza kwa wagonjwa wa kweli, akakaa kwenye ngazi ya nyuma bila kuvua viatu, mvua inamnyeshea magotini.

"Nimeangusha kioo," akasema.

"Kioo cha nani?"

"Kile kidogo cha kutazamia meno. Nimekiangusha mdomoni mwa mtu, mama mdogo. Kidole gumba kilikufa ganzi tu, sikukisikia."

"Akameza?"

"Hakumeza. Alinitazama."

Kesho yake nikamkokota hadi kwa mtaalamu wa viungo pale pale chuoni. Bi. Shalini anaitwa, mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu. Nje ya chumba chake kulikuwa na benchi limejaa vijana, huyu ameshika shingo, yule ameshika kiwiko, yule amefumba macho kwa maumivu ya kichwa, na wote, Mungu ananiona, wote mkono uliobaki wameshikia simu. Nilitamani niwacharaze kuanzia mwanzo wa benchi hadi mwisho.

Bi. Shalini alikikunja kidole gumba cha Kelera ndani ya kiganja, akausukuma mkono kidogo upande wa kidole cha mwisho. Kelera, ambaye alikanyaga msumari akiwa mtoto bila kulia, alipiga yowe.

"Kano zimevimba," Bi. Shalini akasema. "Hizi ndizo zinazovuta kidole gumba. Zimesuguana mpaka zimechoka. Simu unashika muda gani kwa siku?"

Kelera akanitupia jicho.

"Niambie ukweli, mimi si mama yako. Michezo?"

"Hapana."

"Mchumba?"

"Ningekuwa naye angeshaniacha."

"Sasa unaandika nini?"

"Natangaza misiba," Kelera akasema.

Bi. Shalini alinitazama mimi. Nami nilitazama dirisha, kwa sababu hasira ilinipanda pale pale na sikutaka kuimwagia mtu aliyekuwa anatusaidia.

Maana yake ni hii. Kaka yangu Aminiasi ndiye msemaji wa ukoo. Jambo lolote, kifo, ndoa, mchango wa kanisa, ugeni wa chifu, linatoka kinywani mwake. Zamani alikuwa anavaa sulu yake nzuri, ile shuka yetu ya kiunoni, anachukua mzizi wa kava, kinywaji chetu cha heshima, anakwenda nyumba hadi nyumba, anaketi, anaeleza. Kisha zikaja simu, na Kelera akaingia chuo kikuu, na kaka akagundua kwamba ana mpwa msomi. Siku hiyo hiyo akamkabidhi kazi. "Wewe ndiye kalamu yetu," akamwambia mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Makofi ni rahisi sana.

Kama angemwachia aandike mara moja tu kwenye kundi la simu, wote wakasoma, ningenyamaza. Aminiasi hakutaka. Kutangaza kifo kwenye kundi, alisema, ni kama kupiga kelele sokoni. Kila nyumba lazima ipate ujumbe wake, uanze na jina la heshima la nyumba hiyo, ueleze marehemu alikuwa nani kwao, na uishe kwa maneno yanayowafaa wao tu. Ukimwambia basi mtoto arekodi sauti, anakwambia sauti ya kutangaza ni ya msemaji, haiwezi kuwa ya msichana. Ukimwambia basi arekodi yeye, anasema hawezi kulizungumzia jambo zito akiwa peke yake chumbani anaongea na kioo cha simu. Kwa hiyo yeye anaona haya kuongea na kioo, na mtoto anakaa na kioo hadi kidole kinakufa.

Na nyumba zetu hazipo Kadavu tu. Zipo Nausori, zipo Lautoka, wapo walio jeshini nje, wapo wanaotunza wazee wa watu Sydney. Wote wanajibu, na kila anayejibu lazima ajibiwe, kwa heshima. Walio mbali wanaandika kwao mchana, huku kwetu usiku wa manane. Na kifo kwetu si siku moja. Kuna mazishi, kuna usiku wa nne, kuna usiku wa kumi, kuna siku ya kuvua nguo nyeusi. Juu ya hayo weka masomo, maana walimu nao wanamwaga kila kitu kwenye simu, na Kelera hana kompyuta, vitabu vyote anavisomea kwenye kioo cha ukubwa wa biskuti.

Bi. Shalini alimfunga gango la kitambaa na plastiki kutoka kidoleni hadi karibu na kiwiko. Asishike simu kabisa hadi mtihani wa vitendo. "Ukipumzika sasa, kitarudi," alisema. "Usipopumzika, mtakuja kuzungumza habari za kupasuliwa. Na daktari wa meno asiyeweza kubana koleo, utamweka wapi?"

Nilimpeleka Kelera nyumbani, nikafunga mlango, nikapanda basi moja kwa moja hadi Nabua kwa kaka yangu.

Sasa, kwetu kaka na dada hawasemezani. Tangu tulipoacha kuwa watoto, mimi na Aminiasi hatujatupiana neno uso kwa uso. Ni heshima, na mimi naiheshimu, ingawa siku ile ilinikaa kooni. Nikamkuta amekaa sebuleni na mkewe, wifi yangu Mereoni, aliyekuwa anachambua majani ya majimbi. Nikaketi upande wa wifi.

"Wifi," nikasema, "mwambie mumeo mtoto ana gango mkononi. Mwambie misiba yake atafute mtu mwingine."

Mereoni akaendelea na majani yake, kwa sababu kaka alikuwa ananisikia vizuri, yuko hatua chache tu pale.

"Mereoni," kaka akasema, akitazama ukuta, "mwambie wifi yako vijana wa siku hizi wana vidole vya mkate. Sisi tulipiga makasia hadi viganja vikatoka damu, hakuna aliyefungwa gango."

"Wifi, mwambie mumeo kasia lake silikumbuki. Ninachokumbuka alikuwa anatapika ndani ya boti kabla haijaondoka ufukweni."

Mereoni aliinamia majani yake, mabega yanamtikisika.

"Mwambie dada wa watu," kaka akasema, "huyo mtoto anaharibiwa na yale mavideo. Sisi tukimtuma kitu kidogo ndiyo kinamuuma?"

"Kidogo? Wifi, muulize mumeo kama kidogo, kwa nini hakifanyi yeye?"

"Kwa sababu mimi sijui kuandika kwa hayo madude. Kila mtu na kazi yake. Mwambie mambo yakitulia tutaona."

Tutaona. Nilikuja na hasira moja, nikaondoka nazo mbili. Watoto wake mwenyewe, mmoja yuko jeshini na mwingine anachuma matunda Australia, hawa hawatumwi, wana shughuli. Mwenye mtihani ndiye hana shughuli.

Hayakutulia. Wiki ile ile Bibi Losalini alifariki, mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo, na simu ya Kelera ikaanza kulia kabla maji ya kumwogesha bibi hayajapoa. Nilimwona mtoto ameketi sakafuni, anafungua gango kwa meno.

"Lete hiyo simu," nikamwambia. "Nitaandika mimi."

"Mama mdogo, huwezi. Haya ni maneno ya mjomba. Utaandikaje maneno ya kaka yako?"

Na ni kweli, siwezi. Dada hawezi kusema kwa kinywa cha kaka yake, hata kwa herufi. Wangejua kwa mstari wa kwanza, na ningekuwa nimemvua nguo hadharani. Mtoto wa dada ndiye anaweza, kwa sababu mtoto wa dada kwetu hana mlango uliofungwa. Nikasimama pale mlangoni kama mjinga, mikono mitupu, nikimwangalia akiandika. Alitumia kidole gumba hadi kikagoma, akatumia kidole cha shahada, akarudi kwenye gumba. Alikuwa ameuma kola ya fulana yake.

Ujumbe wa nyumba ya Vunivesi ulikwenda na jina la Nadakuni.

Mtu wa nje atasema, si kosa la kidole tu? Kwetu Vunivesi ndiyo nyumba ya mbele, chifu anatoka humo. Nadakuni ni watu wazuri, lakini tangu enzi wao ndio waliobeba mizigo ya Vunivesi. Mzee Ilaitia, mkubwa wa Vunivesi, alifungua simu yake akiwa katikati ya wageni waliokuja kumpa pole, akasomewa kwa sauti na mjukuu wake kwamba yeye ni mbeba mizigo. Majina hayo mawili yalikuwa yanafuatana kwenye simu ya Kelera, moja chini ya jingine. Kidole kilikuwa na ganzi, kikagusa la chini, na hakujua hadi simu zilipoanza.

Simu zilikuwa za matusi. Nilizisikia. Watu wazima, wenye vitambulisho vya kanisa, wanamuuliza mtoto kama chuo kikuu ndicho kinachofundisha dharau.

Aminiasi aliita kikao Jumamosi, nyumbani kwake Nabua, chini ya turubai lililofungwa kwa ajili ya msiba. Kelera aje akae mbele ya Vunivesi, aombe radhi, kisha atume upya ujumbe kwa nyumba zote, maana karibu usiku wa kumi unaingia. Mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatatu.

Tulikwenda. Mvua ilikuwa inapiga turubai, wanaume wameketi kuzunguka bakuli la kava, kila mmoja na simu yake kwenye mkeka karibu na goti, kama vile zamani kila mmoja alikuwa na rungu lake. Wanawake tulikaa upande wa chini. Kelera aliketi katikati, gango jeupe kwenye sulu nyeusi, amelitazama bakuli.

Kaka yangu alizungumza. Namjua kwa kuzungumza, hana mpinzani, na siku ile alijipita. Hakusema kosa limetoka kwenye amri zake. Alisema simu zimewaozesha vijana ubongo. Alisema hawalali, hawali, hawasalimii, macho mekundu kama walevi, shingo zimepinda, na hata vidole walivyopewa na Mungu vimewashinda kutumia. Kila alilosema lilikuwa kweli kabisa juu ya yule mtoto, na yeye ndiye aliyelisababisha, na watu wanatikisa vichwa, eeh, ni kweli, msemaji, ni kweli. Na katikati ya hotuba hiyo simu yake mwenyewe ikalia. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi, akaendelea.

Nilisimama. Mwanamke hasimami pale.

"Wifi Mereoni," nikasema, na sauti yangu ilifika hadi kwa majirani, "muulize mumeo nani aliyempa huyu mtoto simu ya ukoo mzima. Muulize tangu ameanza kuandika, kuna hata mmoja hapa aliyewahi kumwandikia, Kelera, umekula?"

"Mereoni," kaka akasema, "mwambie wifi yako aketi."

"Unaisi, kaa," wanawake wenzangu wakanishika sulu. Nikakaa. Nilikuwa nalia, na nachukia kulia mbele ya watu ninaotaka kuwapiga.

"Haya, Kelera," kaka akasema. "Mwombe mzee radhi. Halafu chukua simu yako, tuanze na Vunivesi, nitakutamkia."

Kelera akainuka. Alikwenda mbele ya Mzee Ilaitia kwa magoti, akainamisha kichwa, akaomba radhi vizuri, kwa lugha ya Kadavu iliyonyooka ambayo mama yake alimfundisha, na mzee akapiga viganja kuonyesha amepokea. Hapo angerudi kukaa. Hakurudi. Aliendelea kwa magoti hadi alipokuwa mjomba wake, akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu ya Aminiasi kutoka kwenye mkeka.

"Hii yangu," akasema.



Mjomba akanyoosha mkono kuifuata, akaurudisha. Kwa sababu Kelera ni vasu kwetu, mtoto wa dada, na vasu akishika kitu cha mjomba wake kimekuwa chake. Awe nguruwe, awe mkeka, awe boti yenye injini. Mjomba anayekataa anajivua mwenyewe ujomba mbele ya dunia. Kelera hajawahi kuitumia haki hiyo hata kwa kuku. Wengi wetu tulikuwa tumesahau kama anayo.

Akachukua kikapu cha makuti kilichokuwa na mihogo, akaimwaga mihogo kwenye jani, akatia simu. Akasogea kwa mjomba wa pili, maana kwa vasu wanaume wote wa ukoo ni wajomba.

"Na hii."

"Kelera, mpwa wangu, hiyo ina picha za wajukuu."

"Wajukuu wenyewe wapo pale wanacheza, mjomba. Watazame."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha Mzee Ilaitia, aliyeitwa mbeba mizigo, akaanza kupiga viganja, yale makofi mazito ya heshima, na wengine wakafuata, maana vasu akichukua ni lazima apigiwe. Alizunguka duara lote. Wanaume wazima wanaona simu zao zinaingia kikapuni na wanapiga makofi. Sijawahi kuona kitu kitamu hivyo maishani. Alipofika mwisho akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka juu ya zote. Kisha akaja upande wetu wanawake, akaninyooshea mkono.

"Na yako, mama mdogo."

"Yangu ya nini? Mimi niko upande wako."

"Unanitumia picha za maua kila asubuhi."

Wanawake waliangua kicheko, wifi Mereoni akanipiga mgongoni. Nikampa.

"Na habari za usiku wa kumi?" Aminiasi akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya msemaji. "Zitafikaje?"

"Kwa miguu, mjomba," Kelera akasema. "Kama zamani."

Ningependa hadithi iishie hapo. Ningewaacha mkicheka, nami ningelala vizuri. Lakini Jumatatu Kelera alikwenda kwenye mtihani, na kabla hajapewa mgonjwa mwalimu wao alimpa koleo la kung'olea meno, akamwambia abane. Akabana. Koleo likaanguka. Akaliokota, akabana tena. Likaanguka tena. Mwalimu si mtu mbaya, alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomwumiza zaidi.

"Amesema nirudi mwakani," Kelera akaniambia jikoni. "Kama mkono utakuwa umepona. Amesema kama."

Wenzake wanamaliza mwaka huu. Yeye atakaa, atangoja, atasikilizia kano. Simu zote za ukoo zilikuwa ndani ya kikapu chini ya kitanda changu, betri zimekwisha, na hazikuwa na maana yoyote tena, kwa sababu kidole hakiponi kwa ushindi wa Jumamosi moja. Bi. Shalini alikuwa amesema apumzike sasa. Sasa ilikuwa imeshapita. Nilivunja sahani. Sikuiangusha, niliivunja, nikaokota vipande nikiwa bado nimekasirika.

Siku hizo Aminiasi alikuwa anazunguka. Mereoni alinieleza. Asubuhi anavaa sulu, anachukua kava, anapanda basi kwenda Nausori na magoti yake yaliyovimba, anaketi, anatangaza usiku wa kumi. Na kila nyumba, baada ya kupokea habari, mama wa nyumba anamuuliza, yule mtoto wenu mkono wake unaendeleaje? Kwa sababu mtu akiwa ameketi mbele yako unamuuliza mambo. Naye hakujua. Alisema anaendelea vizuri, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, hadi akafika kwa bibi mmoja Lautoka aliyemuuliza, vizuri vipi?

Alhamisi mchana akaja kwangu. Nilimwona dirishani, amelowa, mkoba wa kitambaa kifuani. Mereoni hakuwa naye. Akaingia, akaketi mkekani karibu na mlango. Mimi niko jikoni. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno, Kelera amelala, usingizi wa mchana, mara ya kwanza kumwona akilala bila kitu mkononi.

 Nikamtazama paka wetu aliyekuwa miguuni pangu.

"Paka," nikasema, "mwambie mgeni mtoto amelala."

Kaka yangu alimtazama paka pia.

"Paka, mwambie mwenye nyumba nitasubiri."

"Mwambie anaweza kusubiri sana."

"Mwambie sina haraka. Sina simu."

Sikucheka. Nilitaka kucheka, na hilo likanikasirisha pia.

Kelera alipotoka chumbani, nywele zimemsimama upande mmoja, gango amelivua, mjomba wake alijiweka sawa kwenye mkeka. Akafungua mkoba. Alitoa jino la nyangumi, kubwa, la manjano ya zamani, na kamba yake nene ya nyuzi za nazi. Lile la baba yetu, ambalo kwetu hutolewa kwa radhi kubwa tu. Akalishika kwa mikono miwili, akaanza kusema. Alisema maneno anayoyasema mbele ya machifu, yote, bila kuruka, kwamba nyumba yetu imemkosea mtoto wake, kwamba hana la kujitetea, kwamba analeta jino hili ili mlango usifungwe. Nilikuwa nimejiandaa kudharau, nikashindwa. Kwa kawaida mwanamume ndiye angempokelea Kelera, lakini aliyekosewa alikuwa yeye, na hapakuwa na mwingine.

Kelera akasogea, akapiga viganja kama inavyotakiwa, akanyoosha mikono yote miwili. Aminiasi akaliweka jino ndani yake na kuachia.

Mkono wa kushoto ulishika. Wa kulia haukufunga. Jino likageuka, likateleza, likaanguka kwenye mkeka katikati yao.

Jino la nyangumi halianguki. Sijawahi kuliona likianguka, wala baba yangu hakuwahi kuliona. Kelera alilitazama, mikono yake bado imenyooshwa, na kile kidole gumba kimekaa pembeni peke yake kama si cha kwake. Hakuna aliyeliokota.

"Kidole gani?" kaka yangu akauliza.

Tangu mwanzo wa gango, tangu kioo mdomoni mwa mtu, tangu nilipokwenda Nabua nikiwa na hasira moja, hakuwa ameuliza. Aliuliza akiwa amelitazama jino, kwa hiyo sijui alimuuliza nani. Paka alikuwa ametoka. Nikamjibu mimi, kaka yangu, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu tulipoacha kuwa watoto.

"Gumba, Aminiasi," nikasema. "Cha mkono wa kulia."